Maswali ya Wasomaji: Viumbe wa Miguu Mirefu

Picha tuliyochapisha toleo lililopita, ya buibui mwembamba aliyening'inia kwenye kona ya dari, imetuletea barua nyingi kuliko tulivyotarajia. Tulipozipanga mezani tukagundua kwamba waandishi hawazungumzii kiumbe mmoja. Kwa hiyo tumeanza na barua ya kuwatenganisha. Nyingine zote zinategemea jibu hilo.

*Ndugu mhariri, mwanangu amesoma kwenye intaneti kuwa yule anayeitwa na Wazungu “daddy longlegs” si buibui. Jirani yangu anashikilia kuwa ni buibui. Mume wangu anasema wote wamekosea, kwani yeye amemwona akiruka. Nani mkweli? — Mama wa nyumbani, Tanga*

Wote watatu, mama. Jina hilo la Kiingereza wamebandikwa viumbe watatu ambao hawana undugu wa karibu. Wa kwanza ni buibui halisi wa familia ya Pholcidae, yule wa kwenye dari. Wa pili ni opilioni: yumo katika kundi kubwa la buibui, nge na kupe, lakini ana ukoo wake mwenyewe wenye spishi zaidi ya 6,500 zilizokwisha kuelezwa na wataalamu. Wa tatu ni tipula, mdudu wa mabawa mawili, ndugu wa mbu na nzi. Waingereza wengi wakitaja jina hilo wanamkusudia tipula. Wamarekani humkusudia opilioni au buibui wa darini, inategemea unazungumza na nani.

Ili ujue uliyenaye ni yupi, mfunike kwa bilauri ya kioo, pitisha karatasi ngumu chini yake, kisha mpeleke penye mwanga wa mchana. Lenzi inayokuza mara 10 inatosha.

Anza na mabawa. Akiwa nayo, na miguu ikiwa sita, huyo ni tipula na kazi imekwisha. Kama hana mabawa na miguu ni minane, tazama kiuno. Mwili wa buibui umegawanyika sehemu mbili: mbele kichwa kilichoungana na kifua, nyuma tumbo, na katikati amebanwa. Opilioni hana kiuno. Mwili wake ni kipande kimoja cha mviringo, kama punje ya choroko iliyowekewa miguu. Halafu tafuta macho. Opilioni ana macho mawili tu, na kwa wengi yako juu ya kinundu katikati ya mgongo, moja likitazama kulia na jingine kushoto. Buibui wa darini ana macho manane (spishi chache sita), yote upande wa mbele wa kichwa.

Kosa linalowaponza wengi ni kutegemea urefu wa miguu. Ukitaka kutumia miguu, angalia ni jozi ipi iliyo ndefu zaidi. Kwa opilioni ni jozi ya pili, naye huitanguliza mbele akipapasia njia, kwa sababu macho yake hayaoni picha za maana. Kwa buibui wa darini ni jozi ya kwanza. Na ukimkuta ananing'inia kwenye tandabui, basi ni buibui, au ni opilioni aliyenaswa humo. Opilioni hana tezi za nyuzi hata kidogo.

Jambo moja kwa walio karibu na misitu ya Usambara na Uluguru: opilioni wengi wa huko wana miguu ya wastani tu, na mbele wana vishikio viwili vyenye miiba. Hukaa chini ya magogo na majani yaliyooza. Mtu anaweza kumwinulia jiwe kila siku asijue kuwa ndiye huyo anayesifiwa kwa miguu.

*Shikamoo mhariri. Bwenini tumebishana hadi taa zikazimwa. Wenzangu wanasema huyu ndiye mwenye sumu kali kuliko viumbe wote duniani, ila tu meno yake ni mafupi hayawezi kutoboa ngozi ya binadamu. Ni kweli? — Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Kisumu*

Marahaba. Si kweli, na uongo huu una sehemu mbili, kila moja na jibu lake.

Chukua wale watatu mmoja mmoja. Tipula hana sumu wala kitu cha kuumia. Opilioni hana tezi ya sumu na hana chonge. Mdomoni ana vikoleo viwili vidogo ambavyo hukatia chakula vipandevipande na kukimeza kikiwa kigumu. Hata hilo linamtofautisha na buibui, ambaye humlainisha windo kwa majimaji kisha akanyonya supu. Anabaki buibui wa darini peke yake. Huyo sumu anayo, kama walivyo nayo karibu buibui wote, lakini uchunguzi wa maabara haujaonyesha kuwa ni kali kwa viumbe wakubwa. Hata kwa wadudu nguvu yake ni ya kawaida tu.

Sehemu ya pili ni hayo meno. Chonge zake ni fupi kweli, kama robo ya milimita. Lakini ufupi si kinga yako. Wapo buibui wa jenasi Loxosceles wenye chonge za umbo linalokaribiana na hilo, nao huwauma watu na kuwaachia vidonda vibaya. Mwaka 2004 kipindi cha televisheni cha Marekani, MythBusters, kililipeleka jambo hili kwenye majaribio: mtangazaji Adam Savage aliingiza mkono kwenye chombo chenye buibui wa darini hadi akaumwa. Alisikia mwasho wa moto kidogo, ukapita upesi. Kwa hiyo akipata nafasi anaweza kukutoboa. Hutokea mara chache mno kwa kuwa akiguswa hukimbilia kujitikisa au kujiangusha.

Basi uvumi umetoka wapi? Maelezo yanayokubalika zaidi ni tabia yake ya kula buibui wenzake. Huko Australia ameonekana akimuua buibui wa mgongo mwekundu, Latrodectus hasselti, ambaye sumu yake humlaza mtu hospitali. Mtu akishuhudia hivyo atasema: anayemuua mwenye sumu kali, yake lazima iwe kali zaidi. Lakini ushindi wake hautoki kwenye sumu. Miguu humpa umbali. Husimama nje ya mapigo ya adui, akavuta uzi kwa miguu ya nyuma na kumrushia mzunguko baada ya mzunguko hadi adui hawezi kujigeuza. Kuuma ndiko kunakuja mwisho. Wakati mwingine huingia kwenye tandabui la mwenzake na kulitikisa kama linavyotikiswa na mdudu aliyenaswa. Mwenyewe akitoka kutazama amepata nini, ameliwa.

*Mhariri, kila Jumamosi natoa tandabui sebuleni, na siku chache tu zimerudi. Nimepuliza dawa ya kopo, wanazungukazunguka tu kama waliopandwa na pepo. Na nasikia wanakula mbu. Sasa niwaue au niwaache? — Msomaji, Dar es Salaam*

Kuzunguka huko si athari ya dawa. Ndiyo kinga yake: akishtuliwa, hung'ang'ania nyuzi na kuuzungusha mwili kwa kasi mpaka umbo linakuwa ukungu na ndege au nyigu hajui adonoe wapi. Ungempulizia pumzi tu angefanya vilevile.

Kwenye nyumba za pwani yetu utawakuta zaidi wawili: Crossopriza lyoni, mwenye tumbo la pembepembe lililochongoka kwa nyuma juu, na Smeringopus pallidus, mwenye tumbo refu lililopambwa madoa. Wote wawili wamesambaa na binadamu katika nchi za joto duniani kote, na wanapenda nyumba kuliko mwitu.

Dawa inashindwa kwa sababu ya jinsi anavyokaa. Dawa ya ukutani hufanya kazi kwa mdudu anayetembea juu yake akaikanyaga na kuipaka mwilini. Buibui huyu ananing'inia kichwa chini kwenye nyuzi zake, anagusa vitu kwa ncha za miguu tu. Usipompata moja kwa moja na mvuke, umepoteza dawa. Ufagio nao hushindwa pale unapokata nyuzi ukamwacha mwenyewe: hujidondosha, hujificha nyuma ya kabati, na usiku huohuo anaanza upya. Hajisumbui kujenga duara la ustadi kama buibui wa bustanini. Lake ni tandabui la ovyoovyo, kwa kawaida bila gundi, na hiyo ndiyo sababu linarudi haraka.

Fanya hivi. Funga kitambaa cha pamba kwenye kichwa cha ufagio wa mpini mrefu, kiwe na unyevu mdogo tu. Kikiwa chapachapa kitapaka vumbi jeusi kwenye chokaa na utajuta. Anzia pembeni kabisa mwa kona na uusokote ufagio unapouvuta kuelekea kwako, ili nyuzi zijiviringe pamoja na mwenye nyumba. Usifagie kwa kupiga. Tafuta majike wenye fundo dogo la mayai mdomoni. Jike huyafunga mayai kwa nyuzi chache sana, unaweza kuyahesabu kupitia uwazi wake, na huyabeba hadi yaanguliwe. Ukimwacha mmoja huyo, kona yako itajaa watoto. Baada ya hapo shughulikia kinachowaleta, yaani chakula: taa nyeupe iliyo juu ya mlango huwaita wadudu ndani, kwa hiyo isogeze mbali na mlango au uizime mapema, na ziba mwanya kati ya ukuta na paa kwa wavu.

Kuhusu mbu, ni kweli. Mwaka 1997 watafiti waliofanya kazi nchini Thailand walichapisha uchunguzi wao juu ya Crossopriza lyoni kama mwindaji wa mbu anayeeneza homa ya dengi, na Dar es Salaam dengi mnaijua. Lakini buibui hamfuati mbu. Anamsubiri konani, na mbu mwenye njaa haendi konani, anakuja kitandani. Chandarua kibaki palepale. Ushauri wetu ni kugawana nyumba: waache stoo, chini ya ngazi na bafuni, waondoe sebuleni na hasa juu ya jiko, maana mabaki ya wadudu waliokwisha kunyonywa hudondoka kwenye sufuria.

*Mtoto wangu alimshika kiumbe wa miguu mirefu bustanini, mguu ukabaki mkononi ukiendelea kurukaruka peke yake. Alilia akidhani amefanya uchawi. Tumwambie nini? — Baba, Limuru*

Mwambie kiumbe huyo aliutoa mguu kwa hiari yake. Kama alikuwa opilioni, kuna kiungo karibu na mwili kilichoumbwa kuachia. Mguu ukibanwa anaukata hapo, na tundu linajifunga asitokwe na majimaji. Ndani ya kipande kirefu cha mguu mna seli za neva zinazotoa mapigo zenyewe bila amri ya ubongo, na mguu una matundu yake madogo ya hewa. Kwa hiyo unaweza kuchezacheza kwa dakika kadhaa, mara nyingine hata kwa saa nzima. Adui hukodolea macho kinachocheza huku mwenye mguu akienda zake.

Gharama yake ni kubwa, na hili mtoto alijue. Opilioni hamei mguu mwingine. Buibui mchanga anaweza kuota mguu mpya anapojivua gamba. Opilioni akipoteza saba anabaki na mmoja. Akipoteza ile jozi ya pili amepoteza pua na vidole kwa pamoja, na hatafika mbali. Kama mnataka kumkamata, msimshike mguu: mwekeeni kikombe mbele na kumsukumia ndani kwa unyoya.

*Wakati wa mvua, ndani kwetu huingia mbu wakubwa ajabu, miguu peke yake inazidi kidole. Je, hao wanaleta malaria kali zaidi? — Msomaji, Bukoba*

Hawaleti malaria yoyote. Hao ni tipula. Mbu ana mrija mrefu ulionyooka kutoka kichwani. Tipula ana mdomo mfupi usioweza kutoboa chochote. Wakubwa wao hula kidogo sana, majimaji ya maua au maji tu, na huishi siku chache hadi wiki mbili hivi, muda wa kutosha kupandana na kutaga. Mabawa ya mbu yana magamba madogo kwenye kingo na mishipa, ya tipula ni matupu. Ukimtazama mgongoni kwa lenzi utaona mkunjo wenye umbo la V kati ya mabawa, na nyuma ya mabawa vijiti viwili vyenye vichwa, ambavyo humsaidia kuweka mizani angani. Nzi na mbu wanavyo pia, ila kwa tipula vinaonekana bila shida.

Kuna wanaosema tipula hula mbu, hivyo afugwe. Hana mdomo wa kufanya hivyo. Wanaomchanganya pengine wamesikia habari za Toxorhynchites, ambaye ni mbu kweli, mkubwa, anang'aa kama madini, mwenye mrija uliopinda. Haumi mtu, na mabuu wake hula mabuu wa mbu wengine. Yupo Afrika Mashariki. Ukimwona, muache.

Tipula akiingia ndani, zima taa, fungua dirisha, washa ya nje. Usimfukuze kwa taulo. Miguu itasambaa chumba kizima.

*Tunaishi Leicester, Uingereza. Nyasi za nyuma ya nyumba zinageuka manjano kwa mabaka, na kunguru wanazichimbua. Jirani Mwingereza amesema ni watoto wa “daddy longlegs”. — Msomaji, Leicester*

Jirani yako yuko sahihi. Ni mabuu wa Tipula paludosa au nduguye Tipula oleracea: rangi ya kijivu, hawana miguu, ngozi ngumu, urefu hadi sentimita 3 au zaidi. Jike hutaga kwenye nyasi mwishoni mwa kiangazi, mabuu wakala mizizi kuanzia vuli, wakaendelea majira ya kuchipua. Mwaka 1935 walivamia hata uwanja wa kriketi wa Lord's, London, na wafanyakazi wa uwanja wakawakusanya kwa maelfu na kuwachoma moto.

Kwanza thibitisha. Mwagilia baka moja la manjano jioni hadi lilowe, lifunike kwa plastiki nyeusi, na asubuhi ulifunue. Mabuu watakuwa wamepanda juu. Hiyo pia ni tiba: acha ndege wale. Wakiwa wengi sana, nunua nematodi wa Steinernema feltiae, minyoo isiyoonekana kwa macho ambayo huingia ndani ya buu na kumuua. Watu hushindwa nayo kwa sababu tatu. Hununua wakaiweka wiki kadhaa wakati ni viumbe hai vyenye tarehe, huimwaga kwenye udongo mkavu, nayo hufa kabla ya kusafiri, au huchelewa. Wakati mzuri ni Septemba hadi mwanzo wa Oktoba, mabuu wakiwa bado wadogo na udongo una joto la nyuzi 12 hivi au zaidi. Lowesha kabla, mwagilia tena baada, jua likiwa limezama.

*Nimeona video kutoka Meksiko, ukutani kuna kitu kama nywele nyingi. Mtu akakigusa kwa kijiti, zikawa wadudu maelfu wakitawanyika. Ni ya kutengeneza? — Msomaji, Mombasa*

Ni ya kweli. Hao ni opilioni, ambao spishi zao kadhaa hukusanyika mchana kwa mamia au maelfu, miguu imeingiliana. Miili yao hupoteza maji haraka, na kukaa pamoja kwenye kivuli hutunza unyevu. Tena kila mmoja ana matundu mawili ya tezi pembeni mwa mwili yanayotoa majimaji yenye harufu kali. Mmoja akiguswa na kutoa harufu, wengine hupata habari. Kabla ya kutawanyika huanza kupanda na kushuka kwa miguu, wote kwa pamoja, na ndiyo maana video inatisha vile. Hawaumi. Nawa mikono tu ukiwagusa, harufu hubaki.

*Bibi yetu alitukataza kuua buibui kwa ajili ya pango la Thaur. Je, huyu wa miguu mirefu naye yumo? — Msomaji, Lamu*

Hukumu ya kuua au kutoua waulizeni masheikh. Simulizi inayojulikana pwani yote ni kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) na Abubakar walipojificha pangoni wakati wa Hijra, mwaka 622, buibui alitanda mlangoni na wawindaji wakaona hakuna aliyeingia. Simulizi haitaji ni buibui wa namna gani. Tunaloweza kusema sisi ni hili: wa darini ni buibui, na anapenda sana mapango, opilioni pia hukaa mapangoni, lakini hawezi kutanda hata uzi mmoja. Mwaka 2012 mtaalamu Peter Jäger wa taasisi ya Senckenberg, Ujerumani, alimkuta opilioni pangoni nchini Laos ambaye ukipima toka ncha ya mguu hadi ncha ya mguu wa pili alizidi sentimita 33.

*Wazungu nao wana hadithi gani juu yake? — Msomaji, Bujumbura*

Nyingi zinamhusisha na mifugo na mavuno, kwa kuwa huko Ulaya opilioni huonekana kwa wingi mwishoni mwa kiangazi, watu wakiwa shambani. Linnaeus alipompa jina la kisayansi mwaka 1758 alimwita Phalangium opilio, na opilio kwa Kilatini ni mchungaji. Watoto wa mashambani Marekani walikuwa wakimshika na kumuuliza ng'ombe waliopotea wako upande gani, kisha wakafuata mguu atakaounyoosha. Sasa unajua kwa nini daima aliunyoosha mmoja: ni ile jozi ya pili ikipapasa. Robert Hooke, aliyemchora chini ya hadubini katika kitabu chake cha mwaka 1665, alimfananisha na kaa anayetembea angani, na kwa mtu wa wakati ule alimtazama vizuri sana.

Umbo lake la kale ni la kustaajabisha kuliko hadithi. Kisukuku cha Rhynie, Scotland, chenye umri wa miaka milioni 410 hivi, kinaonyesha opilioni mwenye miguu mirefu tayari.

*Mhariri, hili neno “daddy longlegs” linahusiana vipi na shirika la Ashinaga linalosomesha yatima? Binamu yangu aliomba nafasi huko. — Msomaji, Kampala*

Linahusiana kupitia riwaya. Mwaka 1912 mwandishi wa Marekani Jean Webster alichapisha *Daddy-Long-Legs*, kisa cha msichana yatima anayesomeshwa na mfadhili asiyemjua. Aliwahi kuona kivuli chake kirefu ukutani tu, akampa jina la mdudu. Kitabu kilipendwa mno Japani, na “ashinaga”, yaani miguu mirefu, ikawa njia ya kumtaja mfadhili asiyejionyesha. Shirika hilo la Kijapani lina kituo Uganda, na tangu 2014 lina mpango wa kuwapeleka yatima wa Afrika kusini mwa Sahara vyuo vikuu vya nje.

*Klabu yetu ya sayansi inataka kumfuga opilioni darasani kwa mwezi mmoja. Wa kwanza alikufa baada ya siku mbili. Tulikosea wapi? — Mwalimu, Morogoro*

Hujatuambia chombo, mwalimu, lakini kifo cha siku mbili karibu kila mara ni ukavu. Buibui wa darini huvumilia. Opilioni bila unyevu hamalizi usiku wa pili.

Tumieni ndoo ya plastiki angavu ya lita 5 au zaidi. Wekeni udongo wa msituni sentimita 3, juu yake majani yaliyooza na gome moja la kujificha. Udongo uwe na unyevu wa kushikamana ukiubana, usitoe maji. Ukizidi, kuvu hufunika majani ndani ya wiki. Nyunyizia upande mmoja tu kila jioni, ili achague mwenyewe. Toboeni mfuniko kwa sindano ya moto, si msumari, maana wadogo hupenya. Weka mbali na dirisha.

Chakula si kigumu kupata: kipande cha ndizi mbivu, oti kidogo, mdudu aliyekufa karibuni. Kiasi cha ukucha wa kidole kidogo kinatosha, na kiondolewe asubuhi kabla hakijachacha. Msiweke wawili wa ukubwa tofauti pamoja. Mkubwa atamla mdogo aliyejivua gamba.

Kujivua gamba ndiko kunakoua wanaofugwa kuliko njaa. Spishi za miguu mirefu huning'inia kichwa chini, gamba likapasuka, halafu huvuta miguu mmoja mmoja kwa mdomo kutoka kwenye ganda la zamani, kazi ya kama dakika 20. Chombo kisipokuwa na kimo cha zaidi ya mara mbili ya urefu wa mguu, au hewa ikiwa kavu, miguu hunata na kupinda humo. Wekeni kijiti kilichosimama wima chenye gome la kukwaruza. Mkimwona ananing'inia hatembei, msimguse wala msimmulike.

Mtafuteni usiku kwa tochi, chini ya magogo nje ya hifadhi. Ndani ya hifadhi ya msitu kukusanya kunahitaji kibali. Akifa, mtieni kwenye chupa ya alkoholi ya asilimia 70 hadi 80, na ndani ya chupa, si nje, wekeni kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli: mahali, kimo toka usawa wa bahari, tarehe, alipokuwa amekaa, na aliyemkuta. Wino wa kalamu huyeyuka humo. Opilioni wa milima ya Tao la Mashariki wengi wanaishi mlima mmoja tu, kwa hiyo chupa yenye lebo kamili inafaa kupelekwa idara ya zuolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa wasomaji wa Kenya, Makumbusho ya Taifa, Nairobi.